"Hakuna Mutu Aliniandika": Neno la Kuingiza Watu na Mdomo wa Goma

Mwaka ule nilifanya ukalimani wa muda katika kituo kimoja pembezoni mwa Goma, kituo cha kupokea vijana waliotoka kwenye makundi yenye silaha. Fomu ilikuwa ya Kifaransa, kurasa nne zilizobanwa kwa pini. Kwenye ukurasa wa pili, chini ya jina la baba na jina la kijiji, palikuwa na mstari mmoja mfupi: date et lieu de recrutement. Tarehe na mahali pa nini hasa? Hapo kalamu yangu ilikwama.

Kijana aliyekaa mbele yangu alisema ana miaka 15. Alikuwa na ndala mbili za rangi tofauti, moja ya bluu na moja ya njano, amezivua na kuzipanga chini ya kiti kana kwamba ameingia nyumbani kwa mtu. Nikamuuliza kama tunavyosema mjini: "Balikurekrite siku gani, na wapi?" Akanitazama. "Kurekrite ni nini?" Nikatafuta neno la nyumbani. "Kukuandika. Balikuandika wapi?" Akafikiri, kisha akajibu polepole, kama mtu anayemsahihisha mkubwa wake kwa heshima: "Hapana, yaya. Hakuna mutu aliniandika. Balinikuta ku njia ya shamba, bakaniambia nibebe sanduku."

Tangu siku hiyo sijaweza kulisoma neno recrutement bila kusimama. Nalo limejaa mji huu. Limebandikwa kwenye ubao wa matangazo ya kazi nje ya ofisi za mashirika, linasomwa redioni katika ripoti za vita, kiongozi wa kwaya hulitamka kanisani anapotafuta sauti mpya za besi. Neno moja linawabeba mhasibu mwenye diploma, mwimbaji, na mtoto aliyekutwa njiani. Nadhani uzito huo umelizidi, na gharama yake tunailipa sisi tunaozungumza Kiswahili, kwa sababu lugha yetu ina uwezo wa kusema kwa kitenzi kimoja nani alimfanya nini nani. Kifaransa cha fomu kinauficha ukweli huo ndani ya nomino.

Nianze na neno lenyewe, maana asili yake inastahili kujulikana. Recruter ya Kifaransa imetoka kwenye recrue, na recrue imetoka kwenye kitenzi recroître, yaani kukua tena, kuota upya. Nyuma yake kuna Kilatini: crescere, kukua, na re-, tena. Crescere huyo ana watoto wengi. Ule mkate uliokunjwa kama mwezi mchanga, ambao maduka ya mikate ya Goma huuweka kwenye kioo asubuhi, unaitwa croissant kwa sababu hiyo hiyo: mwezi unaokua. Kwa Wafaransa wa zamani, recrue ilikuwa ile nyongeza ya askari wanaoletwa kujaza nafasi za waliopungua. Haikumtaja mtu mmoja mmoja kwanza. Ilitaja ujazo, kama vile mtu anavyosema "maji yamepanda". Baadaye ndipo ikawa mtu: une recrue, askari mpya. Kitenzi recruter kilipoanza kuonekana katika karne ya 17, wapo walioona ni neno baya. Racine, mtunzi mkubwa wa tamthilia, alimkanya mwanawe kwa barua asilitumie neno hilo alilokuwa akilisoma kwenye magazeti ya Uholanzi. Lakini neno likashinda, kama maneno ya jeshi yanavyoshinda mara nyingi.

Nani kati yetu hajui maana ya kuota upya? Panda barabara ya kuelekea Masisi uangalie mikaratusi. Watu wanaikata kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, na nguzo, na baada ya muda kisiki kinatoa machipukizi manne, matano, membamba na ya haraka. Kiswahili kinamwita kijana chipukizi pia, na hata vyama vya siasa upande wa Tanzania vimewaita watoto wa chama hivyo. Chipukizi ndiyo tafsiri ya kweli ya recrue, karibu herufi kwa herufi. Na ndiyo maana neno hili linaniogopesha. Mkaratusi hauchipui kisikini kabla haujakatwa. Kila recrue, kwa asili ya neno lenyewe, anasimama mahali ambapo mwingine alikatwa. Neno limebeba kumbukumbu ya waliokufa ndani yake, ingawa wanaolitamka hawaisikii tena.

Kwa njia nyingine neno hilo hilo lilifika pwani. Katika kambi za jeshi za Waingereza, recruit akawa kuruta, na hadi leo Dar es Salaam na Nairobi kuruta ni askari anayefunzwa, yule anayekimbizwa alfajiri na kunyolewa kipara. Huku kwetu, kwa sababu Wabelgiji walituletea Kifaransa, tukapata rekri. Kuruta na rekri ni wajukuu wa bibi mmoja wa Kilatini, waliolelewa na wakoloni wawili tofauti, wakakutana kwenye redio za Maziwa Makuu bila kujuana.

Sasa tazama maneno tuliyokuwa nayo sisi. La kwanza ni kuandika. Leo tukilisikia tunafikiria kalamu, lakini maana yake ni pana kuliko kalamu. Kuandika ni kupanga vitu mahali pake: watu wa pwani huandika meza kabla ya mgeni kula, yaani hupanga sahani na vikombe. Kamusi za zamani zinaonyesha kuandika askari na kuandika watu kazini. Wazee wa Kivu na Katanga wanasema hivyo bado: "Niliandikwa kazi mwaka ule ule nilioa." Mtu alipangwa mstarini, jina lake likapangwa kwenye karatasi, na vitu vyote viwili vikawa kitendo kimoja.

Kuajiri limetoka Kiarabu, kwenye neno la malipo na thawabu, ndiyo maana lina ndugu yake ujira. Anayesema "ameajiriwa" anakutangazia kwamba kuna mshahara. Kusajili nalo limetoka Kiarabu, sijill, daftari la kumbukumbu, neno linalopatikana hata katika Kurani kwenye sura ya Manabii, na wataalamu wengi wa lugha hulirudisha hadi kwenye sigillum ya Kilatini, muhuri mdogo. Kusajili basi kunanukia nta na ofisi. Kujiunga ni kazi ya mikono: kuunga ni kushikanisha vipande viwili, kama fundi anavyounga mbao, na anayejiunga amejishikanisha mwenyewe. Na tukishampata huyo mtu mpya tunamwita mwanachama, mwana wa chama. Kifaransa kinamwita membre, kiungo cha mwili, mkono au mguu. Sisi tunasema ni mtoto. Mtoto ana haki ya kula nyumbani, na nyumba ikimpoteza inaulizwa yuko wapi. Kiungo hakiulizi wala hakiulizwi.

Lakini utajiri mkubwa hauko kwenye msamiati, uko kwenye mkia wa kitenzi. Aliandika. Aliandikwa. Aliandikisha. Aliandikishwa. Alijiandikisha. Kitenzi ni kile kile, na kila mkia unaleta historia nyingine. Katika "alijiandikisha" kuna ji- inayorudi kwa mtendaji: alikwenda kwa miguu yake. Katika "aliandikishwa" kuna -isha, mtu aliyesababisha, na kuna -wa, mtu aliyetendewa. Yaani kuna mkono mwingine chumbani hata kama hautajwi. Huwezi kulisema tukio hilo kwa Kiswahili bila kuchagua. Bibi ambaye hakukaa darasani hata siku moja anachagua sawasawa kila siku, bila kufundishwa na mtu. Halafu mwanawe mwandishi wa habari anaandika "recrutement imefanyika katika kijiji fulani", na uchaguzi wote umeyeyuka. Imefanyika. Na nani? Kwa nani? Kwa hiari ya nani?

Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba kuficha huko hakukuanza jana. Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alipojenga jeshi lake, Force Publique, watu wa kwanza walikodiwa mbali, Zanzibar na Afrika Magharibi. Baadaye ikatoka amri ya mwaka 1891: askari watapatikana kwa wanaojitolea, na kwa wanaotozwa kila mwaka kupitia machifu. Kwenye karatasi zilikuwa njia mbili. Kijijini ilikuwa njia moja, kwa sababu chifu aliyeambiwa atoe vijana kadhaa alitoa aliowataka waondoke: watumwa, wageni wasio na ukoo wa kuwatetea, wabishi, mtoto wa mke asiyependwa. Daftari la jeshi liliandika recrue. Mama wa kijana alikuwa na kitenzi kingine, na hicho hakikuandikwa na mtu yeyote.

Kisha yakaja machimbo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910, mwaka ule ule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipoanzishwa, ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika ambalo kazi yake ilikuwa kuwatafuta wafanyakazi vijijini na kuwapeleka migodini. Bourse ni neno la soko. Mawakala walizunguka hadi mbali, na kuanzia mwaka 1925 wakafika hata Rwanda na Burundi, nchi za baridi, kuwachukua vijana wa milimani kwenda kwenye joto la shaba. Wengi walikufa kwa maradhi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mwendo, ikaanza mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu wanaume waje na wake zao, kwa kuwa kumleta mtu mpya kila mara kulikuwa ghali kuliko kumtunza aliyepo. Hapo unaona recrue katika maana yake ya kale kabisa: kisiki kikikatwa, kingine kiote. Hesabu ilipokataa, ndipo wakaanza kuutunza mti.

Nimewahi kuwasikia wazee wakizungumza juu ya jamaa zao waliokwenda huko. Hawakusema "alirekrutiwa". Walisema "alichukuliwa na kazi", kana kwamba kazi ni mtu mwenye mikono, au walisema "alikwenda Katanga". Kulikuwa na tofauti kati ya hao wawili, na wasikilizaji wote waliijua. Wa pili aliaga.

Hapa nyumbani, Kivu, tulitengeneza neno letu wenyewe mwaka 1996. Muungano wa waasi wa AFDL ulioundwa kwa makubaliano ya Lemera, Oktoba ya mwaka huo, ulipita Uvira, Bukavu na Goma, ukafika Kinshasa Mei 17, 1997, na mbele ya safu zake walikuwa watoto wenye buti zinazowapwaya. Tukawaita kadogo. Kiambishi ka- karibu kimekufa katika Kiswahili cha vitabu, lakini mashariki ya Kongo ni kizima: katoto, kanyumba, na wingi wake tutoto, tunyumba. Kanuni ingetaka basi wingi wa kadogo uwe tudogo. Watu hawakusema hivyo. Walisema bakadogo, kwa kiambishi cha watu. Sijui kama kuna mtu aliyekaa akafikiri. Lugha ilijirekebisha yenyewe sokoni na kwenye vituo vya basi, ikakataa kuwaweka watoto wale katika ngeli ya vitu vidogo. Hata hivyo neno lilikuwa na upole uliofunika jambo. Kadogo ni jina unalompa kitindamimba wako. Ukimwita hivyo mtoto mwenye bunduki, unamwonea huruma, na huruma hiyo inakufanya usahau kuuliza alifikaje pale.

Swali hilo la alifikaje lilifika The Hague, na nataka nikae hapo kidogo, kwa maana ni mahali ambapo maneno yalipimwa kama dhahabu. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unataja kama uhalifu wa kivita mambo matatu kuhusu watoto wa chini ya miaka 15: conscription, enrôlement, na kuwatumia katika mapigano. Conscription kwa Kilatini ni kuandika pamoja, con na scribere. Ufaransa ililifanya sheria mwaka 1798 kwa vijana wa miaka 20 hadi 25, na tangu hapo maana yake ni kuandikwa kwa lazima. Enrôlement imetoka kwenye rôle, na rôle kwenye rotulus, kagurudumu, yaani ngozi ya kuandikia iliyoviringishwa. Humo majina yaliorodheshwa, na kwenye viringisho kama hivyo waigizaji nao walisomea sehemu zao. Katika lugha ya mahakama, enrôlement ni pale ambapo mtoto anakuja mwenyewe.

Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama hiyo, Machi 14, 2012, ilikuwa juu ya jambo hili hili, na ilimhusu Mkongomani, Thomas Lubanga, wa Ituri. Alipata miaka 14. Majaji walisema kwamba ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 15 si utetezi. Akilazimishwa ni uhalifu, akija mwenyewe akapokelewa ni uhalifu pia. Bosco Ntaganda, ambaye mitaa ya Goma ilimwona kwa miaka, alihukumiwa mwaka 2019 kwa makosa mengi, na hili likiwemo. Akapewa miaka 30. Sheria yetu wenyewe ya ulinzi wa mtoto, ya Januari 10, 2009, imepandisha umri hadi 18, na kifungu cha 187 kinampa anayemwandikisha au kumtumia mtoto jeshini, katika kundi lenye silaha au katika polisi kifungo cha miaka 10 hadi 20.

Msomaji anaweza kuniuliza: ikiwa mahakama imesema kulazimishwa na kuja mwenyewe ni kosa lile lile, kwa nini wewe unapigania mikia ya vitenzi? Kwa sababu mahakama inamhukumu mkubwa. Fomu inamhusu mtoto. Yule wa ndala mbili anarudi kwenye kijiji ambacho watu watamwuliza swali moja tu, nalo litaulizwa kwa Kiswahili au Kihunde au Kinyarwanda au Kinande, si kwa Kifaransa: ulikwenda au ulipelekwa? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama shangazi atampa mahali pa kulala. Na kwa mtoto mwingine aliyekwenda kweli kwa miguu yake, kwa kuwa baba aliuawa au kwa kuwa njaa ilizidi, sheria inatupa sisi wakubwa kauli ya kumwambia: ulijiandikisha, ndiyo, lakini aliyekupokea ndiye mwenye kosa. Kauli hiyo haitamkiki kwa neno recrutement peke yake. Inahitaji vitenzi viwili, chake na cha mkubwa.

Kuna jambo jingine la mji huu ambalo mtu wa mbali halioni haraka. Kifungu cha 187 kwa Kifaransa kinasema enrôlement. Tume ya uchaguzi, CENI, nayo inapoandikisha wapiga kura inasema enrôlement. Mwanzoni mwa 2023 magari yenye vipaza sauti yalipita mitaa ya Majengo na Ndosho yakiwaita watu "ku enrôlement". Sisi tuliozoea tulikwenda kupanga foleni ili kupata kadi, na kila mtu anajua kadi hiyo ni zaidi ya kura: nchi haijahesabu watu wake tangu 1984, na kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha wengi. Lakini mama mmoja mkimbizi kutoka Rutshuru, mwenye vijana wawili wa kiume, aliwafungia ndani ya hema siku ile. Alikuwa amelisikia neno hilo mara moja tu kabla, kijijini kwao, na siku hiyo halikuhusu kura. Jirani alimweleza, akacheka kwa aibu, akawaachia. Masisi na Rutshuru zenyewe hazikupiga kura Desemba ya mwaka huo kwa sababu ya vita, kwa hiyo kadi za wengi wao hazikuwa na sanduku la kutumbukizwa kura. Mimi nalaumu neno, na nawalaumu waliolitamka bila kufikiri masikio ya nani yanasikiliza. "Kujiandikisha kwa kura" lingetosha, na lingetoshea kwenye kipaza sauti.

Kambi zile za wakimbizi, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyinginezo, kabla hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025, zilinifundisha upande mwingine wa kuandika. Pale kuandikwa kulikuwa ni kula. Watu waliamka usiku kuwahi anayeandika majina ya msaada, na neno la uchungu kuliko yote lilikuwa "sijaandikwa". Niliona mzee akimshika mkono karani, akiutazama ubao wa kuandikia, akitamka jina lake herufi moja moja ingawa hakujua kusoma. Alifundishwa na mjukuu wake herufi za jina hilo tu. Mzee huyo huyo, kule alikotoka, alikimbia kwa sababu ya orodha ya vijana iliyokuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Orodha mlimani ni ya kukuchukua, orodha kambini ni ya kukulisha. Kitenzi ni kile kile, na yeye hakuchanganyikiwa hata kidogo.

Kuhusu matangazo ya kazi sina mengi. Avis de recrutement kwenye ubao wa shirika ni jambo la kawaida, vijana wanasimama na bahasha za kaki kwapani, wanapiga picha tangazo, wanakwenda kudepoze dosye. Hapo kuajiri linafaa kabisa, na ningependa tulitumie zaidi, kwa kuwa linamkumbusha mwenye shirika kwamba kuna ujira. Kuna wanaomfanya kijana ajitolee miezi minane kwa ahadi, na hilo nalo huitwa recrutement. Liitwe kuajiri tuone kama ulimi wao hautakwama.

Nimeona kundi moja tu Goma ambalo halitumii neno hili kabisa, na si kundi la wasomi. Ni mama wa kuweka na kukopa, AVEC kama tunavyoziita, njia iliyoanzia Niger mwaka 1991 na kusambaa Afrika nzima. Nilikaa na kundi moja Majengo, mchana mmoja wa Jumamosi. Sanduku la bati lilikuwa katikati, kufuli tatu, na funguo tatu zikiwa kwa mama watatu wasiokaa mtaa mmoja. Kila mmoja alikuwa na kitabu kidogo, na kila sehemu ya akiba iligongwa muhuri ndani yake, pa, pa, pa, kwa sauti ambayo wote waliihesabu kimoyomoyo. Siku hiyo palikuwa na mama mpya, muuza samaki wa Kituku. Hakuna aliyesema amerekrutiwa. Mwenyekiti alisema: "Leo tunapokea mutu." Kisha akauliza nani anamjua. Mmoja akasimama: "Mimi ninamujua, na akianguka nitamuinua." Wakampa kitabu, wakampa kiti, na wakasogea.

Kupokea. Nilirudi nyumbani na neno hilo. Kupokea kunamweka mwenye kundi kazini. Anayerekruti anaongeza hesabu. Anayepokea ameshika mzigo wa mtu mikononi, kama unavyopokea kikapu cha mgeni mlangoni. Ndiyo maana ni sahihi pia kwa upande wa giza: yule kamanda aliyemwona mtoto amekuja mwenyewe na asimrudishe, alimpokea. Tulitamke hivyo redioni na katika ripoti. "Kundi lilipokea watoto." Sentensi hiyo ina mtendaji.

Rudi nami kwenye fomu. Kwa yule kijana nilifuta neno la Kifaransa kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake kwa Kiswahili: alikutwa njiani, akabebeshwa sanduku. Msimamizi, mtu mwema aliyechoka, alinieleza kwamba mashine ina nafasi ya tarehe na mahali tu, na kwamba maneno yangu hayataingia. Tulibishana kwa nusu saa. Mwishoni tulikubaliana kuongeza karatasi, na kwa wiki zilizofuata nilijaza karatasi hizo za nyongeza kwa vitenzi vyao wenyewe: alikamatwa shuleni, alitolewa na mjomba, alijiunga, alifuata kaka, aliandikishwa na chifu, aliuzwa. Ningeomba kila anayetengeneza fomu kama ile aache mstari mzima wazi mahali hapo, na auandike kwa Kiswahili: Ulifikaje?

Lakini si kila mtu aliingia katika vitenzi vyangu. Siku moja alikaa mbele yangu mwanaume mzima, miaka 30 na kitu, mwenye mke na watoto wawili, zamani dereva wa chukudu, ile skuta ya mbao, ya kubeba makala. Nilimsomea vitenzi vyote vya karatasi yangu nikamwambia achague. Alisikiliza kila kimoja, akatikisa kichwa kwa kila kimoja. Hakukamatwa. Hakuandikishwa. Kujiunga pia alikataa, akasema kujiunga ni jambo la mtu aliyekuwa na pengine pa kwenda. "Andika hivi," akaniambia. "Nilijikuta mule ndani."

Niliandika hivyo. Ji- iko pale, mtendaji ni yeye mwenyewe, na bado kitendo si chake. Nimejaribu mara nyingi kuitafsiri sentensi hiyo kwa Kifaransa kwa ajili ya ile mashine, na karatasi yake bado iko kwenye begi langu.